Waukraine wa Kanada waliitunzaje lugha yao, na sisi tufanyeje na watoto wetu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, naishi Edmonton, Kanada, mwaka wa tisa sasa. Jirani yetu ni wa asili ya Ukraine. Wazee wake walifika huku kabla ya 1900, lakini wanawe wanasoma shule ambayo nusu ya siku hufundishwa kwa Kiukraine, na bibi yao wanamwita "Baba", jambo lililowachanganya sana wanangu. Wangu wawili wamezaliwa hapa. Kiswahili wanakisikia chote, ila nikiwasemesha wananijibu Kiingereza. Hawa wenzetu wamewezaje kwa zaidi ya miaka 130? Ni kanisa, ni chakula, au ni shule? Sisi tuige lipi? Halafu jirani ametualika chakula cha mkesha wa Krismasi yao, nami sijui nibebe nini.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari za Waukraine wa Kanada nimezifuatilia miaka mingi katika kazi yangu ya lugha, na ni mara ya kwanza kuulizwa na mtu anayeishi nao ukuta kwa ukuta.

Niseme mapema jambo ambalo huenda likakushangaza. Unamwona jirani yako kama mtu aliyepokea lugha kutoka kwa babu hadi mjukuu bila uzi kukatika. Kwa familia nyingi uzi ulikatika. Sensa ya Kanada ya 1971 ilihesabu watu 580,000 hivi wenye asili ya Ukraine, na waliotaja Kiukraine kuwa lugha yao ya mama walikuwa kama 310,000. Sensa ya 2016 ilikuta wenye asili hiyo wamepita 1,300,000, lakini Kiukraine kilikuwa lugha ya mama ya watu wapatao 100,000 tu. Ukoo umeongezeka zaidi ya mara mbili, wasemaji wamebaki theluthi. Yamkini jirani yako mwenyewe alikua hawezi kuunganisha sentensi tatu za Kiukraine, na hao watoto unaowaona asubuhi na mabegi yao ndio wanaoirudisha lugha nyumbani. Muulize siku moja mkiwa mmetulia. Wengi wao hulisimulia kwa uchungu, na wanashukuru kuulizwa.

Mila zao, kwa upande mwingine, zimenawiri. Ukiendesha gari kama saa moja kwenda mashariki utafika Vegreville, mji mdogo wenye yai la aluminiamu la urefu wa mita 7 na ushee, lililosimamishwa mwaka 1975, linalogeuka na upepo. Hapo hapo Edmonton kuna kikundi cha ngoma cha Shumka, kilichoanzishwa 1959, na wachezaji wake wengi si wasemaji wa Kiukraine. Vyakula vyao vimeenea kwenye maduka ya Alberta, jimbo lenu. Kwa hiyo swali lako mimi naligeuza hivi: mbona yai limeishi na ngoma imeishi, lakini mazungumzo yamekufa katika nyumba nyingi?

Tuanze na yai lenyewe, ambalo lile la Vegreville ni sanamu yake, maana jirani yako akikualika tena wakati wa Pasaka utaliona kwa macho. Linaitwa pysanka. Ni yai bichi la kuku, jeupe. Anayelitengeneza anashika kijiti chenye faneli ndogo ya shaba, kiitwacho kistka, anakipasha moto kwenye mshumaa, anachota nta ya nyuki, kisha anavuta mstari juu ya ganda. Penye nta patabaki peupe. Yai linatumbukizwa kwenye rangi ya njano. Anarudia na nta mahali anapotaka pabaki njano, halafu linaingia kwenye rangi ya machungwa, kisha nyekundu, mwisho nyeusi. Likitoka hapo ni jeusi tii, lina matuta ya nta, halina hata mvuto. Ndipo analisogeza pembeni mwa mwali wa mshumaa, sio juu yake, maana moshi utalichafua. Nta inalainika, anaifuta kwa kitambaa, na rangi zote alizozificha zinatokea moja baada ya nyingine. Mtoto akishaona nta ile inafutwa hasahau. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kazi yote ni jioni moja au mbili kwa mwaka. Unaweza kuifanya kwa Kiingereza mwanzo mwisho na yai likatoka zuri vilevile. Lakini neno pysanka limetokana na kitenzi pysaty, maana yake kuandika. Kwa Kiukraine yai halipambwi wala halipakwi rangi, linaandikwa. Mtoto mwenye lugha anajua kwamba bibi yake pale mezani anaandika. Asiye nayo anaona bibi anapaka rangi. Mkono wa bibi ni ule ule, nta ni ile ile, ila mtoto wa pili amepokea nusu ya kilichokuwa mezani.

Ndiyo sababu mila hudumu kuliko lugha: sikukuu inakudai siku chache tu. Lugha inadai saa, kila siku, na inadai mtu ambaye mtoto hawezi kumfikia kwa njia nyingine. Waukraine wa Kanada walifanikiwa kila walipovipata hivyo viwili, na walishindwa kila walipovikosa. Historia yao nzima naisoma kwa jicho hilo.

Wa kwanza kujulikana ni Ivan Pylypiv na Vasyl Yeleniak, wanakijiji wa Nebyliv katika jimbo la Galicia, lililokuwa chini ya Austria. Walishuka Montreal tarehe 7 Septemba 1891. Hadi kufika 1914 walikuwa wamewafuata watu 170,000 hivi. Kilichowavuta ni ardhi, ekari 160 kwa ada ya dola 10, na waliomba mashamba yanayopakana, ndugu kwa ndugu, kijiji kwa kijiji. Koloni la Edna-Star, mashariki ya mji wenu, lilianza hivyo. Mtoto angeweza kutembea siku nzima asikutane na mtu asiyesema Kiukraine. Hapo lugha haikuhitaji mtu wa kuitunza.

Nao walikuwa wanajua kwamba lugha inaweza kunyang'anywa. Ndugu zao walioishi upande wa Urusi walikuwa chini ya amri ya Ems ya 1876, iliyopiga marufuku kuchapa vitabu kwa Kiukraine. Galicia kulikuwa na nafuu, na kulikuwa na chama cha Prosvita kilichofungua vyumba vya kusomea vijijini. Mazoea hayo walisafiri nayo. Mara tu baada ya kibanda na kanisa walijenga narodnyi dim, nyumba ya watu: ukumbi wenye jukwaa, rafu ya vitabu na jiko. Humo walifanya maigizo, kwaya, mikutano, mabishano ya siasa, harusi.

Shule nayo ilikuwa upande wao kwa muda. Katika jimbo la Manitoba, kuanzia 1897, sheria iliruhusu kufundisha kwa lugha mbili palipokuwa na watoto kumi wa lugha moja isiyo Kiingereza, na serikali ikafungua chuo cha kuwaandaa walimu wa Kiukraine Winnipeg mwaka 1905. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Kwa kuwa Galicia ilikuwa ya Austria, watu hawa wakaitwa wageni wa nchi adui. Kati ya 1914 na 1920 Kanada iliwaweka kambini watu 8,579, na walio wengi walikuwa Waukraine, mbali na maelfu kwa maelfu waliolazimishwa kuripoti polisi. Mwaka 1916 Manitoba ikafuta shule za lugha mbili. Kizazi kilichofuata kilikua kikiadhibiwa kwa kusema Kiukraine uwanjani. Wakenya wa rika langu wanaokumbuka kile kibao cha kuvishwa shingoni ukinaswa unasema lugha ya nyumbani hawana haja ya kuelezwa zaidi. Mtoto aliyepitia hayo, akija kuwa mzazi, hakuwa na hamu ya kumrithisha mwanawe kiboko.

Walichofanya wazee mwaka ule ule ndicho ninachokuomba ukizingatie. Shule ikifungwa, wao walijenga mabweni. Taasisi ya Mohyla ilifunguliwa Saskatoon 1916. Vijana waliotoka mashambani walisoma mchana katika shule za kawaida za Kiingereza, na jioni wakarudi bwenini kula, kuimba, kubishana na kusoma historia yao kwa Kiukraine. Ni chumba cha kulala tu, unaweza kusema. Lakini kilimpa kijana wa miaka kumi na sita kitu ambacho mama yake hakuweza kumpa, yaani rafiki wa rika lake wa kusema naye Kiukraine, msichana wa kumtania kwa Kiukraine, mpinzani wa kumshinda kwa Kiukraine. Walimu, mawakili na wanasiasa wengi wa jamii hiyo walipitia mabweni ya namna hiyo.

Baada ya Vita vya Pili walikuja wengine zaidi ya 30,000 kutoka kambi za wakimbizi za Ujerumani na Austria. Wengi walikuwa watu wa mjini na wenye elimu, wakaimarisha shule za Jumamosi na skauti wao wa Plast. Hapa kuna somo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha.

Wakulima wa nyika za Kanada walikuwa wameshaanza kusema shtor kwa duka na kara kwa gari, wamechukua Kiingereza na kukinyoosha kwa ulimi wao, kama sisi tulivyonyoosha shati na baiskeli. Wageni wasomi walipowasikia waliwasahihisha, na wengine waliwacheka. Bibi aliyelima miaka arobaini na kusali kwa lugha hiyo akaambiwa na mgeni kwamba hajui kuisema. Wapo walionyamaza moja kwa moja. Ukimcheka msemaji, hasemi vizuri zaidi, anahamia lugha ambayo hatachekwa.

Lakini wageni wale wale walibeba herufi. Katika alfabeti ya Kiukraine kuna ґ, inayotoa sauti ya g kama katika gari, tofauti na г, inayotoa sauti iliyo karibu na h. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliifuta ґ kwenye tahajia ili Kiukraine kikaribie Kirusi. Kwa zaidi ya miaka hamsini herufi hiyo haikuchapwa Kyiv, ila ilichapwa Winnipeg, Edmonton na Munich, na watoto wa shule za Jumamosi waliifunzwa bila kujua kwamba wanashika kitu kilichokatazwa. Ilirudishwa rasmi Ukraine mwaka 1990. Mimi kila nikifikiria wahamiaji na lugha huanzia kwenye herufi hiyo, maana kuna wakati walio mbali ndio wanaobaki na ufunguo wa nyumba.

Sasa hiyo shule ya watoto wa jirani. Mwaka 1971 Alberta ilibadili sheria yake ya elimu na kuruhusu kufundisha kwa lugha nyingine mbali na Kiingereza na Kifaransa. Wazazi wa Kiukraine waliisukuma serikali, na mwaka 1974 madarasa ya kwanza ya Kiingereza na Kiukraine yakafunguliwa Edmonton, kuanzia chekechea. Hesabu kwa Kiingereza, masomo ya jamii kwa Kiukraine, na kadhalika, nusu kwa nusu. Sheria ile haikuwa yao peke yao. Edmonton ina madarasa ya namna hiyo ya Kiarabu, Kichina, Kijerumani, Kihispania na Kiebrania.

Uliniuliza kanisa, chakula au shule. Kanisa liliwakusanya, na bila kukusanyika hakuna lolote, lakini kwa muda mrefu ibada ilikuwa kwa Kislavoni cha kale, ambacho hakuna mtoto anayekitumia kuomba maji, na leo parokia nyingi zinaendesha misa kwa Kiingereza. Chakula kinafundisha majina ya vyakula. Ila nakupa tahadhari usilidharau jiko la parokia, pale wanawake wanapokaa saa nne mezani wakifunga pyrohy, vipande vya unga vilivyojazwa viazi, mfano wa sambusa ya kuchemsha. Msichana anayesaidia pale husikia umbea mtupu wa Kiukraine, na umbea ni darasa zuri kuliko kitabu changu chochote. Shule ndiyo iliyotoa saa. Nayo ikiachwa peke yake humtoa mtoto anayekariri shairi la Taras Shevchenko, mshairi wao mkuu, kila Machi bila kujua kumwambia mwenzake "nipe zamu yangu". Ukilazimisha nichague nitasema shule, lakini ile iliyozungukwa na watoto wenzake nje ya darasa.

Ukitaka kuona hali nyingine, tazama Prudentópolis, jimbo la Paraná, Brazili. Waukraine walifika huko miaka ya 1890, wakakaa vijijini kwa wingi, na walio wengi katika manispaa hiyo mpaka leo ni wa uzao wao. Lugha ilibaki midomoni vizazi vinne na vitano, hadi mwaka 2021 manispaa ikaitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kireno. Wewe huna kijiji chako Alberta, kwa hiyo mfano wa Brazili tuuheshimu tu. Wako ni ule wa bweni.

Tuje kwa wanao. Kwanza usikate tamaa kwa kujibiwa Kiingereza. Mtoto anayeelewa chote ana ghala limejaa, ila hajapata sababu ya kulifungua mlango. Endelea kumsemesha Kiswahili, na jibu lake la Kiingereza lipokee kwa Kiswahili bila kugomba. Ukigomba, Kiswahili kinakuwa lugha ya kukaripiwa. Kazi yako kubwa ni kumtafutia watoto wenzake. Tafuta watano au sita, muwakutanishe Jumamosi, na msianze na ngeli za nomino, nawasihi. Anzeni na mpira, kupika, au mchezo wa kuigiza, na kocha au mpishi awe mtu anayesema Kiswahili tu muda wote huo.

Hao watoto wapo. Edmonton ina familia kutoka Kongo na Burundi, baadhi wamepitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na watoto waliofika juzijuzi bado wanacheza kwa Kiswahili. Jambo hili hili limewatokea majirani zako. Tangu Urusi ilipovamia Februari 2022 hadi majira ya kuchipua ya 2024, watu karibu 300,000 waliingia Kanada kutoka Ukraine. Madarasa yaliyokuwa ya watoto wa kizazi cha nne, wanaotafsiri kichwani kabla ya kusema, yakapata watoto wanaogombania mpira kwa Kiukraine. Mtoto mgeni anayehitaji rafiki na bado hajui Kiingereza ni zawadi kwa mwanao. Mkaribishe nyumbani, mpe chai na maandazi, waache peke yao. Na Kiswahili chake cha Bukavu au Lubumbashi usikisahihishe mbele ya watu, wala usiruhusu wanao wakicheke. Umeshasoma yaliyompata bibi wa nyikani.

Halafu kuna bibi yao wa Mwanza. Usiwaweke kwenye simu wamwambie shikamoo na kukurudishia. Wape shida ambayo ni yeye tu anayeweza kuitatua: namna ya kuanika dagaa bila mchanga kuingia, sangara alikuwa wapi yeye alipokuwa mtoto, jina lao wamepewa kwa nani. Wakwame katikati ya sentensi, wewe kaa jikoni, usiwaokoe haraka. Hiyo dakika ya kukwama ndiyo wanayoihitaji.

Kuhusu huo mwaliko. Sherehe inaitwa Sviat Vechir. Uliza tarehe kwanza, maana kwa kalenda ya zamani ilikuwa 6 Januari, lakini mwaka 2023 makanisa makubwa ya Ukraine yalihamia 24 Desemba, na huko Kanada zipo parokia zilizobaki na tarehe ya zamani. Mnakula nyota ya kwanza ikionekana, na wanao ndio watakaotumwa dirishani kuitafuta. Meza ina vyakula kumi na viwili, cha kwanza kutia, ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali na mbegu za mpopi. Mtaona sahani moja na kiti ambacho hakikaliwi: ni cha marehemu wa nyumba ile, msikikalie. Vyakula vyote kwa desturi havina nyama, maziwa wala mayai, na maharage huwa mojawapo. Kwa hiyo bebea maharage ya nazi, yaliyokolea, usitie siagi. Na yule bibi anayeitwa Baba akikuuliza hiki ni nini, usijibu wewe. Mwache mkubwa wako amwambie jina lake kwa Kiswahili, naye amuulize Baba maharage yanaitwaje kwa Kiukraine.